Anodi: Kipande Kinacholiwa ili Injini ya Boti Ipone

Je, wajua kwamba paa la mabati la Kakamega na injini ya boti ya Kisumu hulindwa na kanuni moja ya kemia?

Bati la kawaida ni chuma kilichovikwa zinki, mbinu ambayo Mfaransa Stanislas Sorel aliiwekea hataza mwaka 1837. Mvua ya Kakamega, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ingekila chuma kitupu upesi. Lakini bati likikwaruzwa, chuma kilichoachwa wazi hakishiki kutu mara moja, maana zinki iliyo kando yake huliwa kwanza. Metali mbili zikigusana penye maji, ile inayoachia elektroni kwa urahisi zaidi huoza, na mwenzake husalimika.

Injini ya boti ina hatari hiyohiyo. Gamba lake ni la alumini, ilhali mhimili wa rafadha ni wa chuma cha pua. Zikiwa majini, alumini ndiyo hudhurika. Kwa hiyo watengenezaji hufunga karibu na rafadha kipande cha metali dhaifu zaidi, yaani anodi ya kafara.

Wazo hili lilitangulia injini zenyewe. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alifunga vipande vya chuma na zinki kwenye meli za kivita zilizofunikwa shaba chini. Shaba ilipona, ila mwani na viumbe wa baharini wakajazana juu yake, kwa kuwa shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyowafukuza. Meli zikapungua mwendo.

Kuchagua anodi hutegemea maji. Mombasa, kwenye chumvi, zinki hufaa. Ziwa Victoria lina maji baridi, yasiyopitisha umeme vizuri, na humo zinki hujifunika utando mgumu na kuacha kazi. Utando wa namna hiyo ndio huyapa mabati ya Kakamega maisha marefu. Kwenye injini ni hasara. Ziwani hutumika magnesiamu, ambayo nayo ikipelekwa baharini huisha haraka mno. Aloi ya alumini iliyotengenezwa kwa kazi hii hustahimili baharini na hata kwenye mlango wa mto, ambako maji ya chumvi huchanganyika na yasiyo na chumvi.

Utunzaji wake ni mwepesi. Usiipake rangi anodi, kwani rangi huitenga na maji. Unapofunga mpya, sugua mahali pake hadi metali ing'ae, kisha kaza bolti, maana bila mgusano hakuna ulinzi. Isugue mara kwa mara kwa brashi ngumu, na ibadilishe ikishaliwa nusu.

Ukiikuta bado nzima baada ya miezi mingi majini, usifurahi. Kagua bolti, tafuta rangi au utando, na uhakikishe ni ya metali inayofaa maji yako, kwa sababu huenda kinacholiwa ni gamba la injini.