Lubumbashi: Wakili anapokawia, nyumba ya marehemu inaweza kubadilishwa jina

Mjini Lubumbashi kilio kinaisha kwa siku chache. Viti vinarudishwa kwa wenyewe, hema linakunjwa, na familia inakaa kuzungumza juu ya parsele. Hapo ndipo safari nyingine inaanza, na mara nyingi inakuwa ndefu kuliko ugonjwa uliomwondoa marehemu.

Mambo haya yanajulikana vizuri Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba. Watoto wanachanga dola, mkubwa wao anakwenda mjini kutafuta wakili, au avoka kama wengi wanavyomwita. Wakili anapokea dosye na kuahidi kwamba kesi itaingia tribinali upesi. Miezi mitatu inapita, kisha sita. Simu inaita bila jibu. Siku akijibu, habari ni kwamba kesi imepewa remizi tena, na inahitajika pesa ya usafiri wa wisye. Wakati huo wapangaji wa nyumba ya nyuma wanalipa kodi kwa baba mdogo, na mjane hajui hata franka moja imekwenda wapi.

Ajabu ni kwamba hesabu ya urithi wenyewe si ngumu. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwezi Julai 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, na wanagawana sawasawa, msichana kama mvulana. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa wamo pia, mradi baba yao aliwatambua kisheria alipokuwa hai. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Shemeji anayekuja kumtoa na vyombo vyake hana sheria nyuma yake, hata akija na wazee wote wa kijiji.

Kinachokwama ni karatasi. Sheria inataka likidateri, yaani mtu wa kusimamia mali ya marehemu mpaka igawanywe. Kwa kawaida ni mrithi mwenye umri mkubwa, au yule ambaye warithi wenzake wamemchagua, na tribinali ndiyo inayomthibitisha. Bila hati hiyo, benki haitoi pesa na konservateri wa hati za ardhi habadilishi jina. Kwa familia za wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Wengi wamekwisha kufa, na mara nyingi nyumba ndiyo mali pekee waliyowaachia watoto.

Lazima isemwe pia kwamba si kila kuchelewa ni kosa la wakili. Akti ya kifo ikikosekana, hawezi kusonga mbele. Kaka wawili wakigombania ulikidateri, kila mmoja na wakili wake, kesi italala. Majaji nao wakigoma, kila mtu anasubiri.

Ila kuna njia rahisi ya kujua wakili anafanya kazi au anadanganya, nayo ni namba. Kesi ya madai ikiingia tribinali inaandikwa kwenye daftari na kupewa namba inayoanza na herufi RC. Mwana familia anaweza kuiomba, kisha akaenda mwenyewe kwa karani wa tribinali, kwenye grefe, kuuliza kikao cha mwisho kilikuwa lini na kijacho ni lini. Wakili ambaye baada ya miezi sita hana namba ya kutoa, mara nyingi hajaingiza kitu.

Kuuliza mapema ni muhimu kwa sababu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ina saa yake. Mtu akifaulu kupata sertifika ya anrejistrema kwa jina lake, na miaka 2 ikapita tangu itolewe, haki iliyoandikwa humo kwa kawaida haivunjwi tena; anayelalamika anabaki kudai fidia ya pesa tu. Familia inayosubiri wakili wake kwa heshima, huku mjomba akizunguka ofisini na karatasi, inaweza kuamka siku moja na kukuta muda umekwisha. Hatari ni kubwa zaidi kwa parsele ambazo karatasi yake ni livre de lojere ya zamani, isiyo na nguvu ya sertifika.

Kwa wakili anayelala na dosye, mlango wa kugonga ni wa batonye, mkuu wa mawakili, katika Baro ya Haut-Katanga. Sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979 inaruhusu adhabu za onyo, karipio, kusimamishwa kwa muda usiozidi mwaka 1, na hata kufutwa. Malalamiko yawe ya maandishi, pamoja na risiti. Hapo ndipo wengi wanaanguka, kwa kuwa dola zilitolewa mkononi, bila karatasi. Sheria hiyohiyo inataka baro iwe na ofisi ya kuwashauri bure watu wasio na uwezo. Na huko baro ndiko mtu anaweza kuhakikisha kama jina la anayejiita avoka liko kweli kwenye tablo.

Familia pia ina haki ya kumwacha wakili na kuchukua mwingine. Wakili mpya atataka kujua kama mwenzake amelipwa, na atahitaji dosye yote. Ndiyo maana wenye uzoefu hawampi wakili karatasi ya asili bila kubaki na kopi nyumbani: akti ya kifo, akti za kuzaliwa za watoto, karatasi ya parsele, na kila risiti yenye tarehe na sahihi.

Nchini Kenya, urithi wa waziri wa zamani Mbiyu Koinange, aliyefariki mwaka 1981, ulikaa mahakamani zaidi ya miaka 30. Yeye aliacha mashamba makubwa. Huko Katuba, kinachogombaniwa mara nyingi ni vyumba vitatu na mti wa mwembe.