Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Konvata

Mkulima mwenzangu, ng'ombe wako akishikwa na homa, daktari wa mifugo hamdungi sindano ya kwanza aliyoikuta mfukoni. Kwanza humpima joto, humpapasa matezi chini ya masikio, humtafuta kupe. Ndipo ajue kama ni ndigana au ni ugonjwa mwingine. Motokaa nayo ni vivyo hivyo. Lakini wengi wetu, ile taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka mbele ya dereva, twampa fundi fedha kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa nini. Mimi nilikuwa mmoja wao, na leo nataka kukueleza hasara niliyoipata, ili wewe isikupate.

HASARA YANGU

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo, na nyumbani tuna ng'ombe watatu wa gredi. Gari letu ni dogo, la petroli, lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Kila asubuhi mke wangu hupakia maziwa yetu na ya majirani wawili, akayapeleka kituo cha kupozea maziwa. Mwaka jana wakati wa masika aliniambia kwamba akipanda kilima taa ile humetameta na injini hutetemeka, kisha akifika tambarare hutulia. Nikamjibu kwamba gari linakwenda, basi ni zima. Neno hilo lilinigharimu.

Baada ya wiki mbili taa ikawaka moja kwa moja. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ya kusomea makosa, akaona namba P0420, akasema, "Konvata imekufa." Palikuwa na namba nyingine pia, P0302, lakini hakunieleza maana yake, wala mimi sikuuliza. Nikanunua konvata iliyotumika, nikalipa bei ya ndama mzuri. Fundi akafuta namba, taa ikazimika, nasi tukashukuru.

Hazikupita wiki nne. Asubuhi moja gari lilikosa nguvu kabisa, likasimama kilimani tangu saa mbili mpaka saa sita. Maziwa yalipofika kituoni, mpokeaji aliyajaribu kwa spiriti, yakagandamana, akayakataa yote. Yetu tungeyavumilia. Lakini jirani mmoja ni mama mjane, na karo ya mjukuu wake hutoka katika maziwa hayo. Ilinibidi nimlipe kutoka mshahara wangu, na aibu yake haikulipika.

Fundi wa pili hakugusa konvata kwanza. Alisoma zile namba mbili, akazieleza. P0302 maana yake ni kwamba silinda ya pili haiwaki sawasawa. Akaichomoa koili ya silinda ya pili, akaiweka kwenye silinda ya tatu, na ile ya tatu akaileta kwenye ya pili. Akawasha injini, tukazunguka kidogo, akasoma tena. Sasa mashine ikaandika P0303. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili, kwa hivyo mkosaji alikuwa ni koili. Koili ile bei yake ilikuwa kama ya kuku wachache tu. Lakini konvata ya pili ilikuwa imekwisha kuyeyuka ndani. Basi nikanunua konvata mara mbili kwa sababu ya koili moja.

KONVATA NI NINI?

Chini ya gari, katika bomba la moshi, kuna chombo cha chuma kama mtungi mdogo. Hiyo ndiyo katalitiki konvata. Ndani yake mna kitu cha udongo uliochomwa, chenye matundu mengi membamba kama sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Moshi wa injini ukipita humo ukiwa moto, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, mabaki ya petroli huungua yakawa maji na kaboni dayoksaidi, na oksaidi za naitrojini hurudi kuwa naitrojini ya kawaida. Lakini kazi hiyo haianzi mpaka konvata ipate joto la digrii 250 za Selsiasi au zaidi.

Gari linajuaje kwamba konvata inafanya kazi? Fikiri juu ya mashine ya kutenga siagi na maziwa. Ukitaka kuijua kama ni nzima, utapima maziwa yanayoingia na yanayotoka. Yakitoka kama yalivyoingia, mashine haifanyi kitu. Gari nalo lina wapimaji wawili, ndio sensa za oksijeni. Mmoja yuko kabla ya konvata, wa pili yuko baada yake. Yule wa kwanza, katika gari nyingi, hupanda na kushuka upesi upesi, kati ya volti 0.1 na 0.9. Yule wa nyuma, konvata ikiwa nzima, hutulia mahali pamoja, kwa kawaida karibu na volti 0.6 au 0.7. Yule wa nyuma akianza kurukaruka kama mwenzake, kompyuta ya gari huona kwamba moshi unatoka kama ulivyoingia. Ndipo huwasha taa na kuandika P0420.

Basi angalia vizuri, ndugu msomaji. Namba P0420 haisemi, "Nunua konvata." Husema tu kwamba kazi ya konvata imeonekana kuwa chini ya kiwango. Sababu yake yaweza kuwa nyingine kabisa.

TAA YENYEWE INASEMA

Taa ikiwaka bila kumetameta, gari laweza kufika nyumbani au kwa fundi, ila usiliweke wiki nyingi. Taa ikimetameta, hapo ni hatari. Maana yake ni kwamba silinda haiwaki, na petroli mbichi inatupwa ndani ya konvata iliyo moto. Petroli hiyo huungulia humo, joto hupita kiasi, na lile sega huyeyuka. Punguza mwendo mara moja, usilazimishe kilima, simama mahali salama, utafute fundi. Mke wangu alikuwa ameonywa na gari wiki mbili kabla, nami ndiye niliyepuuza.

FUATA NJIA HII

1. Soma namba zote, uziandike kwenye karatasi kabla ya kufuta hata moja. Tundu la kuchomekea mashine liko chini ya dashibodi, upande wa dereva, na lina pini 16. Kuondoa waya wa betri ili taa izimike si kutibu. Ni kumfunga mgonjwa mdomo.

2. Ukiona namba kutoka P0300 mpaka P0304 pamoja na P0420, tengeneza kwanza ile ya silinda. Tazama plagi na koili, ujaribu kuzihamisha kama nilivyokueleza. Ukiona P0171, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Ukiona P0172, petroli imezidi. Hizo nazo hutangulia kutengenezwa.

3. Tafuta mahali bomba la moshi linapovuja, hasa kwenye viungo vilivyo karibu na sensa. Washa injini ikiwa baridi, usikilize sauti ya tik-tik-tik, na utazame alama za masizi. Ufa mdogo huingiza hewa ya nje, sensa ikadanganyika, nawe ukanunua konvata bure.

4. Pima oili na maji ya rejeta kila wiki, uandike. Gari likila oili, vitu vilivyomo ndani ya oili, kama fosforasi, hufunika yale madini ya thamani. Maji ya rejeta yakiingia katika silinda huleta madhara kama hayo. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli zamani iliharibu konvata kwa njia hiyo hiyo, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia mwaka wa 2006.

5. Injini ikiisha kupata moto, mwambie fundi aishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, akuonyeshe kwenye mashine jinsi sensa ya nyuma inavyokwenda. Ikitulia, konvata bado ina uhai. Ikirukaruka, na yale mengine yote yamekwisha kutengenezwa, basi hapo konvata imechoka kweli.

6. Gari likikosa nguvu na kupumua kwa shida, yamkini konvata imeziba. Ikiwa baridi, igonge kwa kiganja. Ukisikia mchakacho kama wa changarawe ndani ya kopo, sega limevunjika.

Hatua hizi zikiisha, na konvata ikaonekana kuwa mkosaji, ndipo utoe fedha. Tena usisahau kudai ile ya zamani. Yale madini yaliyomo yana wanunuzi, na fundi anayekuambia kwamba ni takataka huenda ana mnunuzi wake.

Wako mafundi watakaokushauri kulivunja lile sega na kubakiza mtungi mtupu. Usikubali. Taa itawaka tena katika gari nyingi, na sumu yote itatoka kama ilivyo, ikawapata watoto wako uani.

MAMBO YA KUZUIA

Jihadhari na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka wa 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kupunguza mchezo huo. Petroli ya namna hiyo haiwaki vizuri katika injini, na konvata ndiyo inayolipa deni. Nunua kwenye kituo unachokijua, usinunue katika madumu ya barabarani.

Gari likikataa kuwaka, usilisukume mbali tena na tena. Petroli isiyowaka hujaa katika konvata, na injini ikishika, huungulia humo.

Na neno hili ulishike sana, wewe mwenye shamba la ngano au ghala la nyasi kavu. Konvata iliyo kazini ina joto la digrii mia kadhaa, na ile ambayo injini yake haiwaki vizuri hupata moto zaidi. Usiliegeshe gari juu ya majani makavu, mabua ya ngano, wala karibu na marobota. Moto huanza chini ya gari pasipo mtu kuuona, na upepo wa kiangazi hauulizi mpaka wa shamba ni wapi. Tena usiwashe injini ndani ya ghala lililofungwa, hata kama konvata ni mpya, kwa sababu ikiwa baridi haiondoi sumu.

Siku hizi mke wangu ana daftari ndani ya gari. Huandika petroli aliyotia, oili aliyoongeza, na siku taa yoyote iliyowaka. Akiniambia jambo juu ya gari, naliandika mimi pia. Yule mama mjane bado anatupa maziwa yake kila asubuhi, nami nashukuru kwamba ametuamini mara ya pili. Wewe usingoje kufika hapo. Taa ikiwaka, uliza kwanza, "Ni nini kilichomdhuru mgonjwa?" Ukipata jibu lake, ndipo ufungue mfuko.