Je, Wajua? Ufunguo wa Kigeni Ukiwa Mtupu

Je, wajua kwamba hifadhidata hukataa darasa lililoandikiwa mwalimu namba 900 ikiwa mwalimu huyo hayupo, lakini hulipokea bila swali ukiweka NULL, yaani utupu? Ufunguo wa kigeni ulio mtupu haukaguliwi. Sifuri hukaguliwa, kwa kuwa ni namba kama nyingine. Usiitumie kumaanisha "hakuna".

Je, wajua kwamba katika SQL, NULL hailingani hata na NULL mwenzake? Jibu si kweli wala si uongo, ni "haijulikani", na hapa ndipo data za watu hupotea kimyakimya. Tuseme unatafuta walimu wasio na darasa kwa kutumia NOT IN. Darasa moja tu likikosa mwalimu, orodha hurudi tupu, hata kama walimu kumi wamekaa bila darasa! Kompyuta haiwezi kuthibitisha kwamba mwalimu fulani siye yule asiyejulikana, basi inamwacha kila mmoja. Hakuna onyo lolote. Andika NOT EXISTS.

Je, wajua kwamba INNER JOIN hulifuta kwenye ripoti darasa lisilo na mwalimu? LEFT JOIN hulibakiza.

Je, wajua kwamba Tony Hoare, aliyebuni rejeo la null mwaka 1965 akiunda lugha ya ALGOL W, mwaka 2009 aliliita kosa lake la dola bilioni moja? Programu inayoomba darasa.mwalimu.jina bila kupima kwanza kama mwalimu yupo bado inaanguka kwa sababu hiyohiyo.

Je, wajua kwamba zana za kuandikia programu hazikubaliani kuhusu utupu huu? Tangu Rails 5 ya mwaka 2016, belongs_to hudai mhusika awepo mpaka uandike optional: true. Django nayo hukataa utupu mpaka uandike null=True. Katika Hibernate, @ManyToOne huuruhusu mpaka uukataze. Anayehama zana asome kanuni hizi kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Je, wajua kwamba select_related() ya Django, isipopewa jina la uhusiano, huruka funguo zinazoruhusu NULL? Ukurasa wenye madarasa mia unaweza kuuliza hifadhidata mara mia zaidi. Taja uhusiano kwa jina.

Je, wajua kwamba katika Django, mwalimu akifutwa, CASCADE hufuta na madarasa yake, ilhali SET_NULL huyaacha yakisubiri mwingine? Kwa kumbukumbu za shule, ningechagua SET_NULL.