Gego Langu na Sindano ya Ganzi

Wenzangu wengi huogopa koleo la daktari wa meno. Mimi nimeng'olewa gego la chini hapa Kigali muhula huu, nami nasema koleo si kitu. Kilichoniumiza ni zile siku nne nilizongoja, kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu na sikutaka kumwambia padri mlezi.

Siku ya kwanza nilibana kidonge cha aspirini kwenye ufizi, kama wafanyavyo wengi bwenini. Msifanye hivyo. Aspirini ni asidi, nayo iliunguza ufizi wangu hata ukawa mweupe. Tena ukiimeza, hufanya damu ikawie kuganda, jambo lisilomfaa mtu atakayeng'olewa. Siku ya nne shavu lilikuwa limevimba hata ile kofia ngumu, ambayo sheria yamlazimisha abiria wa pikipiki kuivaa, haikuniingia ila kwa machozi.

Daktari alinichoma sindano ya lidokaini, dawa iliyotengenezwa na Nils Löfgren huko Uswidi mwaka 1943. Huzuia mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Lakini alipoligusa jino niliruka! Akanieleza kwamba penye usaha mwili huwa na asidi, na asidi huizuia dawa isipenye ndani ya mshipa. Basi akauacha uvimbe, akachoma nyuma kabisa ya taya, mahali mshipa unapoingia mfupani. Baada ya dakika chache mdomo wangu wa chini ukawa kama wa mtu mwingine.

Hakuvuta kwa nguvu kama nilivyodhani. Alilisukuma jino nje na ndani, polepole, mpaka shimo likapanuka. Kule kusukumwa nilikusikia, kwa maana ganzi haikuondoi, maumivu sikuyasikia.

Kisha nikauma pamba nusu saa. Damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa: siku ile usisukutue, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Ikitoka, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake hupita ya jino. Maji ya chumvi ya uvuguvugu huanza kesho yake.

Na mwenye uvimbe ulioshuka chini ya taya, asiyeweza kumeza wala kufunua kinywa, asingoje asubuhi. Uvimbe huo waweza kuziba njia ya pumzi. Amwamshe padri usiku ule ule.