Vibwengo Wanahitaji Milima Mingapi? Hisabati ya Kuunda Jozi ya Karata

Mwaka 1993 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Mbunifu wake, Richard Garfield, alikuwa mwanahisabati aliyebobea katika tawi linaloshughulikia njia za kupanga na kuchagua vitu. Katika karata za kawaida wachezaji wote hutumia jozi moja ya karata 52. Katika mchezo huu kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoiunda kwa kuchagua miongoni mwa maelfu ya karata zilizokwisha kuchapishwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo huamuliwa kabla ya karata ya kwanza kuwekwa mezani.

Masharti ya kawaida ni machache. Jozi isipungue karata 60. Karata yenye jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi, kama vile Mlima au Msitu, ambazo hazina kikomo. Ardhi ndizo zitoazo mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyinginezo. Mchezaji huanza na karata 7 mkononi.

Wachezaji wengi hupenda jozi yao iwe na maudhui mamoja. Tuchukue jozi ya vibwengo, ambao karibu wote hulipiwa kwa mana nyekundu itokayo Milimani. Kiungo chake ni Mfalme wa Vibwengo, ambaye humwongezea kila kibwengo mwingine nguvu 1. Vibwengo 4 wenye nguvu 1 kila mmoja hupiga kwa 4. Mfalme akiingia, hao hao hupiga kwa 8. Adui huanza na uhai 20, hivyo tofauti hiyo si ndogo.

Je, Mfalme atapatikana mkononi mwanzoni? Nakala 1 kati ya karata 60 ina uwezekano wa 7/60, karibu asilimia 11.7. Mwanafunzi mwenye haraka atazidisha kwa 4 na kupata asilimia 46.7. Amekosea, kwa sababu mikono yenye Wafalme wawili au zaidi ameihesabu zaidi ya mara moja. Njia iliyo sahihi ni kutafuta kwanza uwezekano wa kumkosa Mfalme kabisa, yaani nakala zote 4 ziangukie miongoni mwa karata 53 zilizobaki:

53/60 × 52/59 × 51/58 × 50/57 = 0.60

Basi uwezekano wa kumpata ni asilimia 40 hivi. Hapo ndipo mapenzi ya maudhui yanapomponza mchezaji. Akishindwa kumwacha kibwengo hata mmoja, jozi yake ikafikia karata 80, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 31. Kila kibwengo wa ziada anamfukuza Mfalme wake mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi imo katika Milima. Jozi yenye Milima 24 kati ya karata 60 huleta wastani wa Milima 2.8 katika karata 7 za kwanza. Mikono yenye Milima 2, 3 au 4 ni asilimia 77 ya mikono yote. Yenye Milima 1 au bila Mlima ni asilimia 14. Sasa mchezaji aondoe Milima 8 ili apate nafasi ya vibwengo 8 zaidi. Mikono ile yenye njaa hupanda hadi asilimia 39! Ni kweli kwamba kanuni humruhusu kuirudisha mikono mibaya na kuvuta upya, lakini tangu mwaka 2019 kila marudio humgharimu karata moja, ambayo huiweka chini ya jozi. Kwa kuwa vibwengo wengi ni wa bei nafuu, Milima yaweza kupunguzwa kidogo chini ya 24. Kuipunguza hadi 16 ni kujitia katika dhiki.

Darasani, karata zenyewe hazihitajiki. Vipande 60 vya karatasi vilivyo sawa kwa ukubwa, 24 vikiwa na alama ya Mlima, vitiwe katika mfuko na kuchanganywa vizuri. Kila mwanafunzi avute 7 bila kurudisha kimoja kabla ya kuvuta kingine, ahesabu Milima, kisha avirudishe vyote kwa ajili ya mwenzake. Baada ya mivuto 100, mikono yenye Mlima 1 au bila Mlima inatazamiwa kuwa karibu 14. Ikiwa 10 au 18, darasa lijadili kama mfuko ulichanganywa vibaya au kama bahati peke yake yatosha kueleza tofauti hiyo, halafu lirudie zoezi kwa Milima 16.