Kabla Hujafungua Gunia la Mashudu



Kiangazi kikikaza na malisho yakiisha, wengi huuza mbuzi wawili watatu ili kununua mashudu, pumba au chakula kilichochanganywa, kuokoa ng'ombe wanaokamuliwa na ndama. Ni uamuzi mzuri. Lakini gunia hilo linaweza kuwa na sumukuvu.

Sumukuvu ni nini?

Ni sumu inayotokana na kuvu inayoota kwenye mahindi, karanga, mashudu na pumba zisizokauka vizuri au zilizolowa ghalani. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hii katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye kuvu. Mara nyingi mahindi ambayo mama amekataa kuyapika husemwa, "Basi wape ng'ombe." Hapo ndipo penye kosa. Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu huingia kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto anakunywa kilekile ambacho mama yake alikikataa jikoni.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inataka anayetengeneza au kuuza vyakula vya mifugo kibiashara awe amesajiliwa. Inampa mkaguzi uwezo wa kuingia kiwandani, ghalani au dukani, kuchukua sampuli na kuzuia chakula kisichofaa. Sampuli hupimwa maabara.

Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwapo kila gulio. Mwaka jana mfugaji mmoja aliniita baada ya ndama wake watatu kufa. Alinunua pumba za kupimwa kwa debe, hakupewa risiti, na zilizobaki alikwisha kuzichoma moto. Sikuwa na cha kupeleka maabara, wala sikujua muuzaji wa kumfuata. Gulio lililofuata huenda pumba zile ziliuzwa kwa mwingine.

Unaponunua

1. Nunua gunia lililoshonwa, lenye lebo inayoonyesha jina la mtengenezaji, viambato, tarehe ya kutengenezwa na mnyama anayelishwa.
2. Usiwape wanyama wengine chakula cha kuku. Baadhi yake huwekwa dawa ya kuzuia kuhara damu kwa kuku, na dawa hiyo inaweza kumuua punda.
3. Ingiza mkono ndani ya gunia. Kikiwa na joto, unyevu, mabonge au harufu ya uvundo, kiache. Kumbuka kwamba kikisha kusagwa, kuvu haionekani kwa urahisi.
4. Dai risiti, uitunze pamoja na lebo mpaka chakula kiishe.

Nyumbani

Panga magunia juu ya mbao au vichanja, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

Ukishuku chakula

Dalili ni mnyama kukataa kula, maziwa kupungua, mimba kutoka au ndama kudhoofika na kufa. Magonjwa mengine pia huleta dalili hizi, kwa hiyo usikisie. Fanya hivi:

1. Acha kulisha chakula hicho mara moja.
2. Usikichome, usikitupe, wala usimuuzie jirani. Kitenge.
3. Chota kidogo kidogo sehemu mbalimbali za gunia, juu, kati na chini, mpaka ipatikane kama kilo moja. Kuvu huota kwa mafungu, hivyo gao moja halitoshi. Weka kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Plastiki hutunza unyevu na kuvu huzidi.
4. Mwite afisa mifugo wa kata, umpe sampuli, lebo na risiti.
5. Usiwape watoto maziwa ya ng'ombe waliokula chakula hicho, wala usiyauze, mpaka afisa akuelekeze. Ng'ombe akiachishwa chakula hicho, sumu hupungua kwenye maziwa baada ya siku chache.

Karatasi ile ndogo ya risiti ndiyo njia ya mkaguzi kutoka bomani kwako hadi ghala lilikotoka gunia. Itunze kama unavyotunza kibali cha kusafirishia mifugo.