"Wewe Mtoto wa Nani?": eduroam na Hodi Yetu

Kama umewahi kwenda likizo nyumbani kwao wazazi, hili swali unalijua. Unapiga hodi, mzee anakutazama juu hadi chini, halafu: "Wewe mtoto wa nani?" Ukishataja jina la babu, uso unafunguka na chai inaletwa.

Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la chuo kikuu kimoja Nairobi nikimsubiri binamu yangu atoke darasani. Bando limeisha, yaani sina hata la kumwambia nimefika. Mara simu ikaanza kulia: meseji za siku nzima zinaingia. Sikuomba paswedi kwa mtu. Simu ilijiunga yenyewe na eduroam, kwa akaunti ya chuo ninachofanyia kazi Uingereza.

Wazo hili lilianzia Uholanzi mwaka 2002, kwa Klaas Wierenga wa SURFnet: mtafiti akitembelea chuo kingine, kwa nini aanze kuomba akaunti upya? Leo eduroam ipo katika nchi zaidi ya 100. Kenya inaendeshwa na KENET, Uganda na RENU.

Na inavyofanya kazi, ni lile swali la mzee. Jina la kuingilia lina umbo la barua pepe, na sehemu iliyo baada ya @ inasema wewe ni wa chuo gani. Chuo ulichotembelea hakina orodha yenye jina lako, kwa hiyo kinapeleka swali, seva hadi seva, mpaka kwenu. Kwenu wakijibu "huyu ni wetu", mlango unafunguliwa. Paswedi inasafiri imefungwa. Ikiwa umeweka mipangilio sawasawa, mwenyeji wako haioni.

Hapo kwenye mipangilio ndipo wengi tunapokosea. Mtu yeyote anaweza kuwasha Wi-Fi na kuiita eduroam. Simu ikikuuliza kuhusu cheti cha seva, usibonyeze "kubali" tu ili mambo yaende. Tumia programu ya geteduroam kama chuo chako kinaikubali, au fuata maelekezo ya chuo. Na fanya hivyo kabla ya safari, ukiwa bado na intaneti.

Siku ile shangazi alikuja kutuchukua, akaniomba nimwashie "hiyo ya bure". Nikashindwa. Hana chuo cha kumjibia, na akaunti yangu siruhusiwi kumpa. Mwenyewe alikuwa amekuja na mandazi ya kututosha sote.

Mnaomaliza masomo mwaka huu, jiandaeni: chuo kikishafunga akaunti yako, eduroam inakukataa kila nchi. Ulizeni mapema itafungwa lini, na hamisheni mafaili yenu. Mimi nimemnunulia shangazi bando.